Inchi nne zilizong'oa shokapu: kisa cha Land Cruiser ya watalii

## Kisa kinahusu nini

Hiki ni kisa cha gari moja la watalii lililokuwa likitoka Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti. Majina ya kampuni, gereji na wahusika yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa ufundi yamebadilishwa ili wasitambulike. Niliitwa kama mshauri wa magari baada ya gari kuvunjika njiani. Nilikaa na mwenye gari, dereva na mafundi mpaka lilipofungwa upya, kisha nikalifuatilia hadi mwisho wa msimu.

Nakiandika kwa sababu kinajirudia. Gari linazama nyuma, mwenye gari anauliza liinuliwe inchi ngapi, fundi anataja namba, kazi inaanza. Katika kisa hiki swali la kilo lilikuja baada ya chuma kuvunjika, ilhali ndilo lililopaswa kutangulia.

## Gari na kazi yake

Ni Land Cruiser 79, ile pikapu ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo. Kama magari mengi ya safari ya Arusha, chesesi yake ilikuwa imekatwa na kurefushwa, ikajengewa bodi yenye viti saba vya wageni na paa la kuinuka. Ilikuwa na keria ya chuma juu, bampa zito la nyuma, matairi mawili ya akiba na boksi la vinywaji. Mbele ina eksel ngumu inayokaa juu ya springi za koili, kama 79 zote tangu zilipoanza kutengenezwa mwaka 1999. Nyuma ina eksel ngumu juu ya springi za majani, yaani vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine.

Lami ya njia hii inaishia kwenye lango la Lodoare, mlangoni mwa Ngorongoro. Kuanzia hapo ni changarawe na vumbi: unapanda ukingo wa kreta, unashuka upande wa pili hadi tambarare, unafika Naabi, lango la kuingilia Serengeti, halafu Seronera, katikati ya hifadhi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na magari yakiwa mengi, barabara hujikunja kama bati la nyumba. Mikunjo ikikaa umbali wa sentimita 70 hivi, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mwendo ndani ya Serengeti, linapigwa takribani mara 20 kila sekunde. Kwa dakika moja ni mapigo 1,200 kwa kila gurudumu, na dereva haendi dakika moja, anakwenda saa nzima na zaidi.

Namba hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini shokapu hufa kwenye njia hii. Shokapu haibebi gari. Kinachobeba ni springi. Kazi ya shokapu ni kuzuia springi isiendelee kudunda, na inafanya hivyo kwa kusukuma oili ipite kwenye matundu madogo ya pistoni. Nguvu yote inayozuiwa hugeuka joto. Oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi, ikichanganyika na gesi inatoa povu, na pistoni inayopita kwenye povu haizuii kitu. Gari linaanza kuelea, springi zinapigwa bila msaada, na mafundi wanakuja kuhesabu hasara jioni.

## Dalili za mwanzo

Kiangazi kilikuwa ndiyo kimeanza dereva alipomwambia mwenye gari, mama mtu mzima anayeendesha kampuni hiyo na wanawe: "Mama, hili gari limekaa nyuma. Nikijaza watu na mizigo, kila korongo linabamiza." Mama akamjibu, "Sawa baba, lipeleke wakalitazame, lakini Ijumaa lina wageni."

Jibu hilo la Ijumaa lina uzito katika kisa hiki. Lilikuwa Jumanne. Gereji ilipewa siku mbili, na siku mbili zinatosha kufunga vifaa lakini ni shida kuzipata za kupima.

Dereva alikuwa ameona na mambo mengine ambayo hakuulizwa. Shokapu zote mbili za nyuma zilikuwa na unyevu wa oili ulioshika vumbi. Gari lilikuwa limelalia kidogo upande wa kulia. Upande huohuo ulikuwa ukitoa mlio mkavu wa chuma kila gurudumu lilipoingia shimoni. Dalili ya ulalo wa upande mmoja ingetosha kumfanya fundi afungue springi ya kulia na kuiosha jani kwa jani. Haikufunguliwa.

## Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Fundi kijana aliyelipokea gari alisema kwa nia njema kabisa: "Shikamoo mama. Hili tukilipa inchi nne halitagonga tena mahali popote." Alikuwa na vifaa dukani. Magari mengine mawili ya kampuni za jirani yalikuwa yameinuliwa hivyo na yalionekana kazini. Gari refu lina sura ya nguvu, wageni wanalipenda, na mwenye gari alichotaka ni lisigonge. Ukiwa umesimama mahali pake siku ile, uamuzi ule ulikuwa na mantiki.

Mbele zilifungwa koili ngumu na ndefu zaidi, na juu yake vipande vya kuongezea kimo. Nyuma yaliongezwa majani mawili mafupi chini ya yale ya zamani, na sheko, vile vishikio vinavyounganisha ncha ya springi na chesesi, zikabadilishwa kuwa ndefu. Shokapu zikawekwa ndefu za magari ya inchi nne, ngumu, zile za mrija mmoja zenye gesi ya shinikizo kubwa. Matairi yalibaki yaleyale kwa sababu fedha ziliisha.

Hakuna kipimo kilichochukuliwa zaidi ya kimo cha bodi kutoka chini, kabla na baada. Gari halikupimwa uzito. Geometria ya mbele, yaani pembe za magurudumu, haikuguswa. Mipira ya breki ilitazamwa kwa macho gari likiwa limesimama kwenye sakafu.

## Kilichotokea

Ijumaa gari liliondoka na wageni saba. Kwenye lami ya kutoka Makuyuni dereva alihisi usukani umekuwa mwepesi na hauna mwelekeo. Akiuachia kidogo haurudi katikati, na upepo wa lori ukimpiga anahama njia. Alipunguza mwendo hadi 70 akaendelea.

Kushuka kutoka ukingo wa Ngorongoro kwenda tambarare, breki zilihitaji kukanyagwa zaidi ya kawaida na pua ya gari ilikuwa inainama sana, nyuma haikamati. Hili nitalirudia kwenye uchambuzi, maana ni hatari ambayo wengi hawaijui.

Naabi alisimama kwa ajili ya vibali. Kwa mazoea yake mazuri alizunguka gari na kugusa kila shokapu kwa mgongo wa mkono. Tatu zilikuwa za moto kiasi cha kutogusika. Ya nyuma kulia ilikuwa vuguvugu tu. Shokapu iliyo baridi baada ya barabara mbaya haifanyi kazi, kwa sababu ile inayofanya kazi lazima ipate moto. Ile ilikuwa mpya. Maana yake ni kwamba upande wa kulia eksel haikuwa inacheza kama kushoto. Lakini wageni walikuwa wanataka kuwahi simba wa asubuhi, akaondoka.

Hakufika mbali. Kati ya Naabi na Seronera ulisikika mlipuko, gari likakaa kulia. Jani kuu la springi ya nyuma kulia lilikuwa limekatika, na breketi ya juu ya shokapu ilikuwa imeng'oka kutoka kwenye chesesi pamoja na kipande cha bati. Aliita kwa redio, gari la kampuni nyingine likawachukua wageni, naye alilala hapo mpaka lilipokuja la kuvuta.

## Tulichokikuta gerejini

Nililipata gari likiwa juu ya stendi siku mbili baadaye. Kitu cha kwanza nilichoomba ni lile jani lililovunjika, kabla mtu hajaliosha. Uso wa mvunjiko husimulia. Theluthi mbili zilikuwa nyeusi, zimeshika kutu na uchafu uliokauka, na theluthi iliyobaki iking'aa kama chuma kipya. Ile sehemu nyeusi ni ufa wa zamani uliokuwa ukila jani polepole kwa wiki nyingi, na ile inayong'aa ni kilichobaki kikikatika kwa mara moja. Kwa hiyo jani lilikuwa na ufa siku gari lilipoingia gereji ya kwanza. Ndiyo sababu lililalia kulia, na ndiyo sababu ya ule mlio. Yale majani mawili yaliyoongezwa yalilinyanyua gari likakaa sawa, na dalili ikafichika. Baya zaidi, majani mafupi na magumu yakikaa chini ya jani kuu huleta mkunjo wote mahali yanapoishia, na ufa ulikuwa sentimita chache kutoka hapo.

Breketi ya shokapu ina hadithi yake. Tuliondoa springi, tukainua eksel kwa jeki mpaka ikaegemea raba ya kikomo, ile inayozuia eksel isigonge chesesi. Katika hali hiyo umbali kati ya vishikio viwili vya shokapu ulikuwa sentimita 33. Shokapu yenyewe ikifungwa kabisa ilikuwa na sentimita 36. Zile sentimita 3 ndizo zilizong'oa breketi. Jani lilipokatika na upande wa kulia kushuka, shokapu iliishiwa nafasi kabla eksel haijafika kwenye raba. Uzito wote wa kona ile ukapigwa kwenye breketi iliyotengenezwa kushika shokapu, wala si kubeba gari.

Tulipima na upande wa pili, eksel ikining'inia. Mpira wa breki wa nyuma ulikuwa umenyooka kabisa kama kamba ya kuanikia nguo. Ungekatika siku yoyote gurudumu lingening'inia kwenye korongo.

## Uamuzi wa pili

Kabla ya kununua kitu chochote tulikwenda kwenye mizani ya ghala la mahindi. Mwenye ghala alituruhusu asubuhi kabla malori hayajaanza kuingia. Tulipima magurudumu ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Mara ya kwanza lilikuwa na dereva na tangi nusu. Mara ya pili mafundi na majirani walikaa kwenye viti vya wageni wakiwa wamepakata mifuko ya mahindi badala ya mabegi, tangi limejaa, boksi lina maji na barafu.

Likiwa tupu lilikuwa na kilo 2,840: mbele 1,330, nyuma 1,510. Likiwa limejaa lilifika kilo 3,710: mbele 1,430, nyuma 2,280. Gari la aina hii linapotoka kiwandani hupewa kikomo cha jumla cha takribani kilo 3,300, kutegemea toleo. Kati ya kilo 870 za mzigo, 770 zilikwenda nyuma. Mama aliitazama karatasi kwa muda mrefu kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunalilaumu bure."

Uamuzi mgumu kuliko wote ulikuwa wake, na haukuhusu springi. Aliamua gari libebe wageni sita badala ya saba, mizigo iwe mabegi laini ya kilo 15 kama yanayokubalika kwenye ndege ndogo za hifadhini. Keria ya chuma iliondolewa, na bampa la nyuma likabadilishwa kwa jepesi. Matairi mawili ya akiba yalibaki, maana Serengeti hakuna wa kuyafanyia mzaha. Uzito wa kujaa ulishuka hadi kilo 3,450, nyuma 2,050. Bado ni juu ya kikomo cha kiwandani, na nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Springi ngumu haziongezi uwezo wa eksel, beringi wala breki. Zinaweza tu kulifanya gari lililozidiwa lionekane halijazidiwa.

Springi zilichaguliwa kwa mzigo wa kudumu. Watengenezaji wakubwa huziuza kwa kipimo hicho, yaani kilo ambazo gari linabeba kila siku, hata likiwa halina mtu. Hapa bodi, viti na matairi ya akiba vilikuwa vinalifanya gari lizidi pikapu ya kawaida kwa takribani kilo 500 nyuma. Tukachukua seti nzima mpya ya majani ya mzigo wa kudumu wa kilo 500, na hakuna jani la zamani lililorudishwa. Sheko zikawa za kimo cha kiwandani. Mbele tulichukua koili za mzigo wa kati, vipande vya kuongezea kimo tukavitupa.

Kimo hatukukichagua. Tuliacha springi zikae, tukapakia gari, tukapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Nyuma ilikuwa imepanda milimita 45 juu ya kimo cha kiwandani likiwa limejaa, mbele 40. Hizo ndizo inchi za gari hili.

Shokapu zilitafutwa kwa vipimo viwili: umbali eksel ikiwa kwenye raba ya kikomo na umbali ikiwa inaning'inia. Shokapu inayofaa lazima ikifungwa iwe fupi kuliko ule wa kwanza, na ikifunguka iwe ndefu kuliko ule wa pili, ili kikomo kiwe raba au springi, kamwe kisiwe shokapu yenyewe.

Kuhusu aina, kulikuwa na mabishano ya maana kati yangu na fundi mkuu, mzee mwenye uzoefu mrefu wa magari ya kuwinda. Shokapu ya mrija mmoja hupoza vizuri zaidi, kwa kuwa pistoni inacheza ndani ya mrija uleule unaoguswa na upepo, na gesi yake ya shinikizo kubwa huzuia povu. Kwa joto peke yake ningechukua hiyo. Mzee alinionyesha shokapu ya mrija mmoja iliyotoka kwenye gari jingine: jiwe lililorushwa na tairi la mbele lilikuwa limeibonyeza kiasi kidogo tu, kama alama ya kidole gumba, na pistoni ilikwama hapohapo. Ile ya mirija miwili inaweza kubonyezwa ganda la nje ikaendelea kufanya kazi. Kwa barabara ya changarawe yenye magari yanayofuatana alikuwa na haki. Tukachukua za mirija miwili, pana kuliko kawaida na zenye oili nyingi ili kufidia joto, za aina inayofunguliwa kubadilishwa sili na kurekebishwa nguvu ya kurudi, ile inayoizuia springi inaponyooka baada ya kubanwa. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile za kwanza.

Yaliyobaki nitayataja kwa haraka. Bushi, zile raba za maungio za mikono ya eksel ya mbele, zilibadilishwa kwa zile zenye tundu la pembeni ili kurudisha kasta, yaani ule mwinamo wa mhimili wa usukani unaofanya usukani urudi katikati. Mkono unaoshika eksel ya mbele isihame kushoto na kulia ulirekebishwa, maana gari likipanda, eksel huvutwa upande. Mipira ya breki ikawekwa mirefu. Valvu ya breki za nyuma ikahamishwa breketi yake. Chesesi ilipofumuka ilichomewa bati la kuimarisha na fundi anayefanya kazi hiyo tu.

## Matokeo

Gari lilirudi kazini katikati ya msimu na kufanya kazi mpaka mvua za Novemba bila kuvunjika springi wala shokapu. Usukani ulirudi katikati wenyewe, na dereva aliacha kuogopa lami. Tuliteremsha upepo kwenye changarawe, nyuma kutoka psi 60 hadi 45 na mbele kutoka 40 hadi 32, kwa sharti la kutozidi kilomita 50 kwa saa na kujaza tena kabla ya lami. Tairi laini humeza sehemu ya kila mkunjo kabla haujafika kwenye shokapu, na dereva alisema tofauti aliisikia kiunoni.

Si kila kitu kilikaa sawa mara ya kwanza. Baada ya safari ya mwanzo yubolti za nyuma, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye eksel, zilikuwa zimelegea, jambo la kawaida kwa majani mapya yanapojipanga, zikakazwa upya. Kubwa zaidi, dereva aliripoti kwamba kwenye mikunjo mirefu nyuma inazama kidogo kidogo kadiri anavyokwenda, kisha inapanda akisimama. Tulikuwa tumeweka nguvu ya kurudi kubwa mno. Springi ilikuwa ikibanwa na mkunjo mmoja, shokapu inaichelewesha kurudi, na mkunjo wa pili unaikuta bado haijanyooka, hivyo kila mkunjo unaibana zaidi ya uliotangulia. Tulipunguza hatua moja na tatizo likaisha. Shokapu zisizorekebishika zingetulazimu kununua nyingine.

Gari likiwa tupu linadunda. Dereva anayelirudisha Arusha bila wageni analalamika, na hana pa kukimbilia: springi za kubeba sita haziwezi kuwa laini kwa mmoja.

## Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine yote ni kutibu kimo. Gari kuzama nyuma ni dalili yenye sababu zaidi ya moja: springi imechoka, springi ina ufa, au mzigo umezidi. Hapa zote tatu zilikuwepo kwa pamoja, na kuinua kulizifunika zote kwa siku tatu. Fundi anayeongeza jani bila kufungua springi nzima anafunika kidonda asichokijua.

Jambo la pili linahusu wanaoinua magari kwa ajili ya kupita juu ya mawe na matope. Gari lenye eksel ngumu likiinuliwa kwa springi, bodi na chesesi hupanda, lakini difu, lile bonge la gia la katikati, hubaki palepale, kwa sababu difu imo ndani ya eksel na eksel inakaa juu ya matairi. Kinachopandisha difu ni tairi kubwa zaidi, na linapandisha kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo chake. Gari hili lilipanda inchi nne na matairi hayakubadilika, kwa hiyo kimo cha sehemu yake ya chini kabisa hakikuongezeka hata milimita moja. Kilichoongezeka ni kimo cha wageni na paa, na gari la paa la kuinuka lenye watu wamesimama ndani halihitaji kuongezewa urefu kwenye mteremko wa kreta.

Valvu ya breki inastahili nafasi yake. Magari haya mengi yana valvu inayounganishwa na eksel ya nyuma kwa fimbo. Gari likibeba na kushuka, fimbo inasogea na valvu inaruhusu nguvu zaidi kwenda breki za nyuma. Gari likiwa jepesi inazipunguza ili magurudumu yasikwame yakaburuta. Ukiinua nyuma kwa sentimita 10 bila kuigusa, valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Ndicho kilichomkuta dereva kwenye mteremko akiwa na watu saba nyuma yake. Katika yote niliyoyaona kwenye gari lile, hilo ndilo lililoniogopesha, kwa sababu halina mlio wala halivuji. Linasubiri siku ya kukanyaga breki kwa dharura.

Usukani uliopotea mwelekeo una maelezo ya karibu na hayo. Mikono ya eksel ya mbele inaishikilia kutoka nyuma, na bodi ikipanda, eksel inazungushwa kidogo, kasta inapungua. Kwa inchi mbili hupotea nyuzi moja na nusu hadi mbili. Kwa inchi nne bila bushi wala mikono ya kurekebisha, gari haliko salama kwenye lami.

Shokapu za kwanza hazikuwa mbovu. Zilikuwa bidhaa nzuri zilizotengenezwa kwa gari jingine. Nalisema hili kwa sababu baada ya ajali mazungumzo yote ya kampuni yalikuwa juu ya chapa: ipi ni feki, ipi ni halisi. Kipimo cha sentimita 36 dhidi ya 33 hakijui chapa.

Kilichofanya kazi katika awamu ya pili, kwa maoni yangu, kilianzia kwenye mizani zaidi ya dukani. Mizani ilimpa mama ushahidi wa kumshusha mgeni wa saba, uamuzi uliompunguzia mapato kila safari na ambao hakuna fundi angeweza kumlazimisha. Bila huo, hata springi zile nzuri zingekuwa zinakufa polepole.

Dereva ndiye aliyekuwa na taarifa bora tangu mwanzo: ulalo wa kulia, mlio, shokapu baridi pale Naabi. Kampuni haikuwa na mahali pa kuziandika. Sasa kuna daftari kwenye gari. Kila anaposimama Naabi, akienda na akirudi, anagusa shokapu nne na kuandika ipi ina moto na ipi imebaki nyuma. Gereji inalisoma daftari hilo kabla ya kuinua boneti.

Suala la uzito halijaisha. Kilo 3,450 bado ni nyingi, na nimeshauri viti viwili vya nyuma vyenye fremu ya chuma nene vibadilishwe kwa vya fremu nyepesi kabla ya msimu ujao.

Gari la pili la kampuni lilipita kwenye mizani ileile mwezi uliofuata. Ni fupi, hubeba wageni wanne, na likijaa lina kilo 2,980. Mama alikuwa ameshaagiza seti ya springi kama za la kwanza. Ilirudishwa dukani ikiwa haijafunguliwa, zikachukuliwa za mzigo wa kudumu wa kilo 300, na shokapu zake zinasubiri vipimo vya raba ya kikomo kabla hazijalipiwa.